Sasisha kabla ya kusasisha? Maneno yanayoweza kuangusha seva

Msomaji mmoja wa safu hii, fundi wa tarakilishi katika hospitali moja kubwa ya umma, ameniletea swali ambalo ukilitazama juujuu utadhani ni dogo. Ikiwa kuapdeti ni kusasisha, anauliza, je, kuapgredi ni nini? Yeye na wenzake wamekuwa wakitumia kusasisha kwa yote mawili, na mkato huo umewagharimu wikendi nzima.

Kisa chenyewe, alivyonisimulia, ni hiki. Idara yao ilikuwa ikiiondoa programu ya kusimamia seva kutoka toleo la zamani na kuipeleka toleo jipya, sehemu moja baada ya nyingine. Jumamosi usiku fundi mmoja alikuwa katika chumba cha seva na mwenzake alikuwa nyumbani akifanya kazi kwa mbali. Wa nyumbani akapiga simu: "Ile ya kwanza ushaisasisha?" Wa chumbani akajibu, "Eeh, nishaisasisha kitambo." Alichokuwa amefanya ni kuitia viraka vya mwisho vya toleo lile lile la zamani, kama mwongozo ulivyotaka kabla ya kupanda. Aliyeuliza alielewa kwamba toleo jipya limeshaingia, akaishika sehemu ya pili na kuipandisha. Kufikia alfajiri, sehemu mbili zilizozoea kupelekeana habari zilikuwa haziongei tena. Seva zenye rekodi za wagonjwa hazikuzima, ziliendelea na kazi. Ila hapakuwa na jicho la kuzichunga, na Jumapili diski ya mojawapo ikajaa pomoni bila kengele yoyote kulia. Ilibidi warudishe kila kitu kutoka kwa nakala za akiba na kuanza upya.

Hakuna aliyedanganya katika simu ile, wala hakuna aliyevunja kanuni ya sarufi. Kitenzi kimoja kilibeba maana mbili, basi.

Sitaitaja programu yao. Nitatumia nyingine inayojulikana sana, System Center ya Microsoft, kwa kuwa mwongozo wake nimeutumia kama matini ya mazoezi ninapofunza tafsiri ya kiufundi kwa wanafunzi wa uzamili. Ni matini chungu kutafsiri, na ndiyo sababu ninaipenda. Kwa asiyejua shughuli hii, programu ya kusimamia seva si seva yenyewe. Taasisi yenye seva mia mbili haiwezi kumweka mtu mbele ya kila moja. Inaweka programu inayozihesabu, inayozipima joto, inayozigawia kazi na kupiga yowe moja ikilemewa. Waama, ni kama nesi mkuu wa wadi: hatibu mgonjwa kwa mkono wake lakini asipokuwepo hakuna ajuaye nani amezidiwa.

System Center si programu moja. Toleo la 2012 R2, lililotoka mwaka 2013, lilikuwa na sehemu kadhaa, na Microsoft ilizipanga saba kwa utaratibu wa kupandishwa. Ya kwanza ni Orchestrator, inayoendesha kazi za kujirudia kwa mfuatano uliopangwa. Inafuatwa na Service Manager, inayopokea malalamiko na maombi ya watumiaji. Kisha Data Protection Manager, mtunza nakala za akiba. Halafu Operations Manager, mchunga afya ya seva. Baadaye Configuration Manager, inayosambaza programu kwa tarakilishi za wafanyakazi; Virtual Machine Manager, inayosimamia seva pepe, yaani seva nyingi zinazoishi ndani ya chuma kimoja; na mwisho App Controller, dirisha la kuendeshea huduma zilizomo katika seva za taasisi na zile za kukodi. Ukiwa na mbili au zaidi kati ya hizi, utaratibu huo ni sheria. Mwenye programu mwenyewe anaonya kwamba anayeukiuka anaweza kuiharibu sehemu isipatikane njia ya kuiponya.

Wanafunzi wangu hutafuta kanuni ya kuukariri mpangilio huo. Mmoja aliwahi kudai kwamba sehemu inayoziita nyingine ndiyo hutangulia, kwa sababu Orchestrator, inayoziamrisha zote, iko mbele. Nzuri! Lakini App Controller nayo huiita Virtual Machine Manager, na bado inakuja nyuma yake. Mpangilio hauotwi wala haukisiwi, unasomwa. Na ukisomwa kwa Kiswahili, basi Kiswahili hicho sharti kiubebe bila kumwaga tone.

Tuanze na maneno yenyewe. Kusasisha ni neno zuri, limeundwa kwa njia ya asili kabisa: sasa, kisha kiambishi cha kusababisha. Kukisasisha kitu ni kukifanya kiwe cha sasa. Tatizo ni kwamba kila kitu kinaweza kufanywa kiwe cha sasa kwa njia tofauti. Microsoft hukusanya marekebisho madogo ya toleo moja, huyafunga furushi na kulipa furushi namba. Ukilitia, toleo lako linabaki lile lile. Ni nguo iliyotiwa kiraka. Nguo yenye viraka ishirini ingali nguo ile ile. Kutoka 2012 R2 kwenda toleo la 2016 ni jambo jingine, huko unavua nguo na kuvaa nyingine, na hifadhidata ya ndani inaweza kubadilishwa umbo. Sasa, mwongozo unasema kabla ya kufanya hili la pili, hakikisha furushi fulani la lile la kwanza limeshaingia. Mwanafunzi mwenye kitenzi kimoja alinipa tafsiri hii: "Sasisha Service Manager kabla ya kusasisha Service Manager." Darasa liliangua kicheko, lakini fundi aliye peke yake saa nane usiku hana wa kucheka naye.

Wapo wanaopendekeza kuboresha kwa maana ya pili. Mimi silikubali. Kuboresha ni neno la hukumu, linadai kwamba matokeo ni bora, na fundi hawezi kuapa hivyo kabla ya kuona. Isitoshe, hapa kwetu limechakaa. Mkenya akielezwa dirishani kwamba mfumo unaboreshwa anajua papo hapo kwamba leo hahudumiwi, anageuza njia. Kuhamisha nalo lina kazi yake: ni kuichukua hifadhidata au huduma kutoka seva hii hadi seva nyingine, hata kama toleo halibadiliki. Tukilitumia hapa, tutakosa neno la jambo hilo.

Pendekezo langu ni kupandisha toleo. Tayari tunasema kumpandisha mtu cheo, na muundo huo una watendwa wawili, anayepanda na kile anachopandishwa. Basi tunaweza kuipandisha programu toleo, programu ikapandishwa toleo, nasi tukazungumzia programu iliyopandishwa toleo bila ulimi kukwama. Ukitaka mkato, sema imepanda. Kusasisha tukuachie furushi la viraka la toleo lile lile. Simu ya Jumamosi ingekuwa hivi: "Imepanda?" "La, nimeisasisha tu." Maneno manne, na wikendi imeokoka.

Neno kupanda lina faida nyingine ambayo sikuitarajia. Linaleta picha ya ngazi, na matoleo haya kweli ni ngazi. Anayetaka kuitoa Operations Manager kutoka 2012 R2 hadi 2019 bila kuisakinisha upya hapandi kwa mruko mmoja, hupitia 2016 kwanza. Anayekwenda 2022 hupitia 2019. Microsoft ilikomesha kabisa msaada wa 2012 R2 mwezi Julai 2022, kwa hivyo aliyebaki chini ana vidato vingi mbele yake, na katika kila kidato utaratibu wa sehemu baada ya sehemu unaanza upya. Sio kwamba orodha ni ile ile, ati uikariri mara moja imetosha. App Controller haikuwemo tena katika toleo la 2016, na Configuration Manager siku hizi ina ratiba yake yenyewe ya matoleo.

Niende kwa jambo ambalo naliona zito zaidi. Katika kazi za wanafunzi kuna sentensi inayojirudia: "Sehemu za mfumo hutegemeana." Inapendeza masikioni, na inapotosha. Kiambishi cha kutendana kinadai usawa wa pande mbili. Ikiwa ya kwanza inaitegemea ya pili, na ya pili inaitegemea ya kwanza kwa kiasi kile kile, hutapata mahali pa kuanzia, itakubidi uzibadilishe zote kwa pigo moja huku taasisi nzima imefungwa. Kinachowezesha kazi ya moja moja ni kwamba utegemezi una mwelekeo. Zipo sehemu zinazopelekeana habari kutoka pande zote mbili, hilo ni kweli, lakini kupelekeana si kutegemeana. Mfasiri aandike nani anamtegemea nani: "Programu ya mteja inaitegemea seva." Tegemea, pasipo ana. Silabi moja inabadilisha mpango wa kazi wa siku tatu.

Mwelekeo huo unatokana na nini? Unatokana na uwezo wa kipya kuelewa lugha ya cha kale. Mwanafunzi wa leo aliyesoma Kiswahili sanifu, kisha akajifunza mashairi ya kale ya Mombasa, anajua kwamba nti ni nchi na ndoo ni njoo. Ukimsemesha kwa hiki au kwa kile, hatatiziki. Lakini Muyaka bin Haji, aliyefariki 1840, ungemletea neno tarakilishi angekuuliza ni samaki gani huyo. Hivyo ndivyo ilivyo katika Configuration Manager. Seva iliyopanda inaendelea kuzielewa tarakilishi ambazo bado zina programu ya zamani. Geuza mambo, uipandishe ile ndogo kwanza, na seva ya zamani haitajua inaambiwa nini. Ndiyo maana kazi huanzia juu: kituo kikuu cha usimamizi, vituo vya msingi, vituo vidogo, na mwisho programu ndogo zilizomo katika tarakilishi za watumiaji.

Nimesema vituo. Katika tafsiri nyingi utakuta tovuti hapo, eti kwa sababu kamusi imesema hivyo. Tovuti ni ukurasa wa mtandaoni. Kinachozungumziwa hapa ni eneo la usimamizi lenye seva yake, na fundi akiambiwa apandishe tovuti kuu ataenda kuihangaikia anwani ya hospitali kwenye intaneti.

Na sio sehemu saba tu zinazofuatana. Ndani ya kila sehemu kuna foleni nyingine. Service Manager ina ghala la data lenye seva yake, na ghala hilo hutangulia seva ya Service Manager yenyewe, baada ya kazi zake kusimamishwa. Katika Virtual Machine Manager, kazi zote zinazoendelea sharti ziishe au zifutwe kwanza. Operations Manager nayo ikiwa na seva kadhaa za usimamizi, mwongozo unakutaka usimamishe huduma zake katika seva zote isipokuwa ile unayoishughulikia.

Agizo hilo la mwisho nitalikalia kidogo, maana hapo ndipo Kiswahili kinapompita Mwingereza kwa ukali. Kirejeshi chetu mara nyingi hubeba wakati ndani yake. Ukisema "seva zote isipokuwa unayoipandisha toleo", unasema ile iliyo mikononi mwako hivi sasa. "Uliyoipandisha" ni ile uliyoimaliza. "Utakayoipandisha" ni ile inayofuata. Seva tatu tofauti, na tofauti yote imo katika na, li na taka. Nimeona tafsiri iliyoandika "isipokuwa iliyopandishwa toleo". Anayeitii kwa uaminifu ataiacha huduma ikiendelea kwenye seva aliyokwisha kuimaliza, na kuizima kwenye ile anayotaka kuifungua. Mwandishi wa maagizo akifika kwenye kirejeshi, na atue kalamu, ajiulize: ni seva ipi hasa, na iko katika hali gani saa hii?

Kabla nalo lina siri yake. Tunazoea "kabla ya kupandisha toleo, chukua nakala ya akiba." Si kosa. Lakini kitenzi-jina hakina mtenda, na katika timu ya watu wanne hakuna ajuaye ni nani asubiri nani. Kiswahili kina umbo kali zaidi: "kabla hujaipandisha toleo", "kabla hatujaigusa". Lile ja la ukanushi linamweka mtu mlangoni na kumzuia. Vilevile, badala ya "baada ya kusasisha", sema "ukishaisasisha". Sha ni alama ya kazi iliyokwisha, si iliyoanza. Na tafadhali, tuepuke kiunganishi na katika maagizo ya mfuatano. "Pandisha Service Manager na Operations Manager" ni orodha ya sokoni, vitunguu na nyanya, wala haisemi kipi kitangulie. Tuna kisha, tuna halafu, tuna ndipo. Ndipo ndiye mlinzi mkali kuliko wote: "Service Manager ikishapanda, ndipo uiguse Data Protection Manager." Hapo hata mwenye usingizi ataelewa kwamba mlango haufunguki mapema.

Kuhusu nakala ya akiba, wengine huiita chelezo, nami ninalipenda neno hili ingawa wanafunzi wengi wa bara hawalijui. Ni neno la mabaharia, kitu kinachoelea, boya, na mzizi wake ni ule ule wa kuelea. Chombo kikizama, ndilo la kushika. Programu hizi hazina kitufe cha kurudi ulikotoka. Upandishaji ukikwama katikati, unasakinisha toleo la zamani upya na kurudisha hifadhidata kutoka kwa chelezo, au huna chochote. Kwa Service Manager, hifadhidata pekee haitoshi. Kuna ufunguo wa siri unaolinda nywila zilizohifadhiwa ndani, na ufunguo huo huchukuliwa nakala peke yake. Mwandishi wa Kiswahili aliyeandika "chukua nakala za kila kitu" amesema kidogo mno. Kila kitu si jina la kitu. Ataje hifadhidata, ataje ufunguo, kila kimoja kwa kitenzi chake.

Najua nitaulizwa kwa nini mafundi wasiendelee tu na Kiingereza, lugha ya mwongozo. Wanaendelea nayo, na hakuna anayewakataza. Lakini mwongozo husomwa kwa Kiingereza, kazi huongewa kwa Kiswahili. Simu ile haikupigwa kwa Kiingereza. Kukabidhiana zamu, kuulizana, kuonyana, "ngoja kwanza, usiguse", hayo yote ni yetu. Mwaka 1990 tulipata Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, na mwalimu wa sayansi aliyetaka neno alikuwa na pa kuanzia. Fundi wa seva ana orodha ya maneno ya kiolesura, yale ya faili, dirisha na kishale, lakini akitaka kumwambia mwenzake kwamba sehemu hii imesasishwa ila haijapanda, anajitungia mwenyewe. Idara za Kiswahili zikae na mafundi hawa siku mbili tu, ziwasikilize wakifanya kazi, ndipo ziandike. Orodha inayotungwa ofisini bila mtu wa chumba cha seva huishia kabatini.

Swali lake la pili ni la ngeli. Operations Manager huweka programu ndogo katika kila seva inayoichunga, ili itume habari. Tunaiita wakala. Je, tuseme wakala ameripoti au wakala imeripoti? Wakala kwa asili ni mtu, na Mkenya akilisikia humwona yule wa kibanda cha pesa za simu. Wanasarufi wataniambia jina la kiumbe huenda na A-WA daima. Lakini hapa jina limehamia kwa kisicho na uhai, na fundi anahitaji kutofautisha. "Wakala hajaripoti tangu Jumamosi" litapelekwa kwa afisa wa wafanyakazi. "Wakala haijaripoti tangu Jumamosi" litapelekwa kwenye seva. Kwa hivyo mimi naipeleka I-ZI: wakala hii, wakala hizi, bila ma. Katika orodha ya kazi ya Jumamosi ijayo aandike: wakala zipandishwe toleo seva zote za usimamizi zikishapanda, na zile ambazo hazijapanda ziachwe zilivyo, kwa kuwa seva iliyopanda bado inazielewa.